Antena 5 za kutambua redio inarushwa kutoka wapi: kwa nini duara moja halitoshi

Karibu tena hapa juu ya paa, mtaa wa Umoja, Nairobi. Leo tunaunda safu ya antena 5 zilizopangwa kwa duara, itakayokuonyesha wimbi la redio linatoka upande gani, kuanzia stesheni za FM hadi rimoti za geti za 433 MHz. Tunasikiliza tu, haturushi chochote.

Kabla hujashika msumeno, shika kalamu. Gawanya 300 kwa masafa yako katika MHz, utapata urefu wa wimbi kwa mita. FM ya 100 MHz ni mita 3. Rimoti ya 433 ni sentimita 69. Risiva hujua mwelekeo kwa kulinganisha wimbi linavyofika kwenye antena hii na kwenye jirani yake. Zikiachana zaidi ya nusu ya wimbi, unaweza kupata majibu mawili usijue lipi ni la kweli. Zikibanana mno, tofauti inakuwa ndogo hadi inamezwa na kelele. Hapo ndipo wengi hukwama: wananunua vifaa ghali, halafu wanataka duara moja lifanye kazi yote.

Sisi tunachora mawili. Nunua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, waikate katikati upate mraba wa futi 4 kwa 4. Piga msumari katikati, funga uzi, chora duara la nusu kipenyo sentimita 56, kisha lingine la 20. Kwenye kila duara weka alama 5, kila baada ya digrii 72, utoboe. Pima tundu hadi tundu: duara kubwa ni karibu sentimita 66, dogo ni 23 na nusu. Kubwa linafaa takriban 80 hadi 225 MHz; dogo linapokea kijiti hapo hadi kama 630. Antena ni zilezile 5, unazihamisha. Usiache chuma chochote kimesimama kwenye duara usilolitumia, kitaharibu vipimo.

Mimi natumia antena za kuvuta, juu ya bati la alumini. Zote zivutwe urefu sawa.

Sasa kebo, na hapa naomba utulie. Ukienda Luthuli Avenue, kwenye maduka ya elektroniki, kata zote 5 kwa urefu sawa kutoka roli moja. Tazama hizi mbili nilizolaza sambamba: hii imezidi kwa sentimita 1. Ndani ya kebo kama hii, RG-58, wimbi huenda kwa thuluthi mbili tu ya kasi yake ya hewani, kwa hiyo wimbi la 433 linabaki na sentimita 46. Sentimita 1 hiyo ni karibu digrii 8 za awamu, yaani wimbi moja zima likihesabiwa digrii 360. Kata upya.

Risiva iwe ya chaneli 5 zinazofuata mapigo ya saa moja ya ndani, ili zote zipime kwa wakati uleule. Kwenye programu andika nusu kipenyo cha duara unalotumia, na ubadilishe kila unapohama.

Tujaribu. Antena ya kwanza naielekeza KICC, lile jumba refu la katikati ya jiji. Nachagua stesheni ya FM inayorushwa kutoka Limuru, ambayo ukiwa hapa iko kulia kwa KICC, kwa hiyo mshale wa programu unapaswa kuangukia kulia kwangu. Mara ya kwanza ulikataa kabisa, ukawa unaelekea tangi la maji lenye fremu ya chuma. Nilisogeza ubao hadi pembe ya mbali ya paa, mita 6 hivi. Tazama sasa: mshale umetulia, Limuru ile kule.