Asisubiri Njaa: Kula Baada ya Upasuaji wa Umio

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunaongea na nyinyi mnaouguza nyumbani. Mgonjwa karudi kutoka hospitali, kidonda kinapona, lakini hali chakula, na nguo zote zinampwaya. Kaka Juma, miaka yote hiyo uko wodi ya upasuaji. Hii inatokana na nini?

JUMA: Asante, dada. Nitachukua saratani ya umio, ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa sababu huku kwetu ipo sana. Ukanda wake unatoka Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania hadi Malawi. Daktari akiondoa umio, hulivuta tumbo la chakula juu, akalifanya jembamba kama bomba, ndilo linakuwa njia mpya. Kwa hiyo nafasi ya kuweka sahani ya ugali haipo tena. Halafu kuna homoni inaitwa ghrelini, ndiyo inayoupa ubongo habari ya njaa, na sehemu kubwa hutoka tumboni. Baada ya upasuaji hupungua. Mtu anaweza kushinda mpaka jioni asisikie njaa kabisa.

REHEMA: Kumbe akisema hasikii njaa, hadeki.

JUMA: Hadeki hata kidogo! Ndiyo maana tunasema ale kwa saa, asisubiri njaa. Mara sita, hata nane kwa siku, kidogo kidogo.

REHEMA: Mimi kinachoniuma ni yale maneno. "Kula basi, au unataka kufa?" Mgonjwa anajilazimisha, anatapika, kesho akiona sahani tu kichefuchefu kinaanza. Jamani, tusiwafanyie hivyo wazee wetu.

JUMA: Kweli kabisa. Na tukiwaonea huruma tunawapa supu ya mifupa au uji mwepesi. Vinajaza tumbo haraka, lishe ni ndogo. Uji huohuo utie karanga zilizosagwa, maziwa, unga wa dagaa, kijiko cha mafuta. Parachichi pia. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Mtu wa kilo 60 anayepona anahitaji gramu 72 hadi 90 kwa siku, na mwili usipozipata unakula misuli yake wenyewe. Kingine, asinywe maji mengi pamoja na chakula. Angoje kama nusu saa.

REHEMA: Na sukari? Uji wa mgonjwa kwetu hutiwa sukari mpaka basi.

JUMA: Hapo pana shida. Chakula chenye sukari nyingi kikiteremka kwa kasi kwenye utumbo, ndani ya nusu saa moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linasokota, anaharisha. Wengine hupata kizunguzungu saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu ikishuka. Watu hudhani karogwa. Punguza sukari, ale taratibu, na baada ya kula asilale chali. Kichwa na kifua viwe juu.

REHEMA: Uzito ukishuka kiasi gani tushtuke?

JUMA: Kupoteza zaidi ya asilimia 10 katika miezi sita ya kwanza hutokea kwa wengi. Aliyekuwa na kilo 70 unamkuta na 62. Mpime kila wiki, mzani uleule, asubuhi. Ukiendelea kushuka, rudi hospitali umwone mtaalamu wa lishe, usingoje tarehe ya kliniki. Homa, maumivu ya kifua, kinyesi cheusi: hiyo ni siku hiyohiyo.

REHEMA: Na yule aliyekuwa anakula wali vizuri, sasa unamkwama?

JUMA: Huyo mara nyingi ni kovu limebana pale palipounganishwa. Daktari anaweza kupatanua, na mtu akarudi kula. Msimsagie kila kitu mkanyamaza.

REHEMA: Tupumzike kidogo. Tukirudi, maswali yenu kuhusu mrija wa kulishia: kuusafisha, na maziwa gani yapite.