Mkalimani wa Miaka Tisa

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie ubunifu katika matangazo, ila ruhusuni nianze na kazi yangu ya kwanza, ambayo sikulipwa hata senti. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani tulikuwa na lugha mbili, na bibi alijua moja tu. Mgeni akija, mimi ndiye mkalimani.

Siku moja bibi alitoa maneno makali kumhusu mgeni aliyekaa mbele yetu. Mgeni akanigeukia. Nikamwambia, “Bibi anauliza kama safari ilikuwa njema.” Mgeni akatabasamu. Bibi akanikazia macho. Alijua maneno yake hayakuwa machache kiasi kile.

Mnacheka, lakini ndiyo kazi ninayoifanya hadi leo: kupima nani anasikiliza, na neno likimfikia litamfanya nini.

Roman Jakobson, mwanaisimu aliyezaliwa Moscow akaishi Prague, Skandinavia na hatimaye Marekani, aliandika mwaka 1959 kwamba lugha hutofautiana hasa kwa yale zinayomlazimu msemaji ayaseme. Chukueni sentensi ya tangazo: “Daktari amefika, anakusubiri.” Kiswahili kimetosheka. Kwa Kiarabu huwezi hata kuanza kabla hujaamua kama daktari ni mwanamke au mwanamume, na kisha uamue hivyohivyo kuhusu huyo anayesubiriwa. Kwa Kiswahili kila msomaji anamwona daktari wake mwenyewe. Ukimya huo ni mali, na mwandishi aliyekulia katika lugha moja huenda asijue kama anao. Mbunifu wa michoro naye ana lake: tangazo la sabuni, shati chafu kushoto, safi kulia. Kwa aliyezoea kusoma kutoka kulia, sabuni hiyo inachafua nguo!

Sisemi kwamba kulelewa na lugha mbili kunatosha. Mimi lugha ya bibi niliijua ya utani na ya kukaripiwa. Nilipotakiwa kuandika tanzia kwa lugha hiyo, nilikwama kwenye mstari wa pili. Ilibidi nikae chini niisome, mtu mzima na daftari langu, kama mgeni.

Halafu kuna lile la ofisini, nanyi vijana mtakutana nalo. Pahala fulani nilipofanya kazi, kila tafsiri iliishia mezani kwangu: “Wewe si unaijua hii? Tupia jicho tu.” Jicho hilo lilikula saa tatu, na kwenye ankara ya mteja halikuonekana. Kosa lilikuwa langu pia, nilijiona napewa sifa. Siku hizi naomba niitwe kabla kaulimbiu haijapitishwa. Nikiitwa baadaye, daktari keshapigwa picha, keshalipwa, na swali la Kiarabu limeshajibiwa na mpiga picha.