Stesheni Imeuzwa, Mkebe Umebaki

(Kipindi cha podikasti. Wanaozungumza ni Rukia na Jumaa.)

RUKIA: Assalam aleikum, hamjambo, karibuni tena barazani. Mimi ni Rukia.

JUMAA: Na mimi Jumaa, Mtanga niliyeletwa Mombasa na kazi, nikabakizwa na mahamri.

RUKIA: Na mbaazi, usizisahau. Sasa wasikilizaji, leo kaka Jumaa ameingia hapa na mkebe. Mkebe wa Kimbo, ule wa bati wa zamani, mdomo umeshika kutu. Ameuweka mezani katikati yetu na hataki niuguse. Nimemuuliza mna nini humo, ananijibu tutafika.

JUMAA: Tutafika.

RUKIA: Haya. Mada yetu ni ile stesheni ya zilizopendwa...

JUMAA: Zilipendwa.

RUKIA: Zilizopendwa! Tumeshaanza. Ninyi Watanzania mna yenu na sisi tuna yetu.

JUMAA: Yetu ni sentensi nzima, dada. Zilipendwa, basi, nukta. Hiyo yenu inaning'inia. Nyimbo zilizopendwa... enhe, zimefanyaje?

RUKIA: Zimeuzwa.

JUMAA: Ah. Hapo umenipata.

RUKIA: Pole. Waeleze watu, maana wengi wameona tu redio imebadilika sauti.

JUMAA: Jina la stesheni silitaji. Mwenyewe tunasali msikiti mmoja, na ninataka tuendelee kusali. Ilikuwa stesheni ndogo, chumba kimoja juu ya duka la misumari na rangi. Ukutani tulibandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Mkisikia mtu anapiga nyundo katikati ya rhumba, basi chini kuna mteja anajaribu nyundo kabla ya kulipa.

RUKIA: Kwetu tulidhani ni ngoma!

JUMAA: Mimi nilikuwa na kipindi cha salamu za wasikilizaji, Jumamosi alasiri. Mshahara sikuwa nao, nilikuwa na nauli na chai. Sasa Jumamosi moja nimeamka, nikawasha redio nihakikishe kama mzee wetu wa asubuhi amefika, maana ana sukari. Nikasikia kijana anacheka. Dada Rukia, sisi hatukuwa na kijana. Mdogo wetu kabisa alikuwa na wajukuu wawili.

RUKIA: Kicheko cha wapi?

JUMAA: Cha Nairobi. Kinaletwa kwa setilaiti, kinapanda kwenye mnara wetu, kinashuka Likoni. Nikaenda mbio. Mlangoni nikamkuta askari mgeni ana karatasi ya majina. Jina langu halimo. Nikamwambia mimi ni mtangazaji wa hapa. Akasema, mzee, hapa hakuna mtangazaji, kuna mtambo tu.

RUKIA: Kwani alikosea?

JUMAA: Hakukosea, na ndiyo maana iliniuma.

RUKIA: Nikuulize kama mtu wa sokoni. Mtu na akili zake, anunue stesheni yenye trei za mayai na wazee wenye sukari, anunue nini hapo?

JUMAA: Masafa. Bendi ya FM haina mwisho wa kuvutika, inaishia 108 na huko nyuma inaanzia kama 88. Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikisema muda mrefu kwamba kwenye miji mikubwa yamekwisha. Ukitaka kuingia leo, humwombi serikali akukatie mapya. Unamtafuta aliyenayo na madeni.

RUKIA: Kama nyumba ya Mji wa Kale. Boriti zimeoza, ngazi inatikisika, lakini kiwanja, wallahi, kiwanja ni dhahabu. Mnunuzi hata ndani haingii.

JUMAA: Haingii. Na kisheria hata masafa yenyewe hayauzwi, ni mali ya umma. Mwenye stesheni ana leseni ya kuyatumia. Kinachouzwa ni kampuni iliyoshika leseni, na Mamlaka lazima iridhie. Kwa hiyo, dada, karatasi zilikuwa zinatembea ofisi kwa ofisi muda wote ule sisi tunagawana kashata. Ghafla ilikuwa kwetu tu.

RUKIA: Na Marekani je? Maana wewe husemi kitu bila kwenda Marekani.

JUMAA: Marekani maombi ya kuhamisha leseni huwekwa hadharani, na watu hupewa siku 30 za kuweka pingamizi. Msikilizaji anaweza kuandika akasema mimi sitaki. Sisemi atashinda. Ila kuna kuuza, na kuna kugeuza bila kuuza, na huko kugeuza hakuna wa kukuarifu. New York walikuwa na WCBS-FM, ya nyimbo za zamani tangu 1972. Ijumaa, tarehe 3 Juni 2005, saa kumi na moja jioni, mwenye stesheni yule yule akazima zilipendwa zote akaweka mpangilio wa nyimbo mchanganyiko, unaitwa Jack. Watangazaji hakuna. Bruce Morrow, mtu mkubwa pale mjini, sauti aliyokua nayo mtoto mpaka kawa babu, hakupata hata kusema kwaherini.

RUKIA: Kwa nini? Si walikuwa na wasikilizaji?

JUMAA: Walikuwa nao tele. Ila wenye matangazo kule wanamtaka mtu wa miaka 25 mpaka 54. Ukitimiza 55 hununui tena sabuni, nadhani.

RUKIA: Hebu. Mimi mamangu ana 70 na ndiye anayenunua sabuni ya nyumba nzima.

JUMAA: Kamwambie mwenye kampuni. Lakini wale wa New York walisumbua, na Jack mwenyewe hakusikilizwa, mpaka tarehe 12 Julai 2007 stesheni yao ikarudishwa. Miaka miwili.

RUKIA: New York wana mamilioni ya watu wa kulalamika. Sisi tuna baraza tatu na kikundi cha WhatsApp.

JUMAA: Cha WhatsApp nacho msimamizi alikuwa mwenyewe mwenye stesheni. Kajiondoa.

RUKIA: Sasa nimtetee, maana hayupo. Mimi namjua upande wake. Stima imekatwa mara ngapi? Kampuni za kamari zilimfuata na pesa taslimu, akakataa matangazo yao kwa sababu ya dini. Haya, tunampongeza, halafu fundi wa mtambo alilipwa na nani? Na nyinyi wazee mlikuwa mnafanya kazi bure, mkidhani yeye anakula. Mtu kauza mali yake. Kosa ni kukaa kimya tu.

JUMAA: Kuuza sijamlaumu.

RUKIA: Unamlaumu kwa macho.

JUMAA: Namlaumu kwa Ijumaa. Ijumaa tumekunywa naye chai. Angeniambia tu, Jumaa, kesho usije na kadi.

RUKIA: Haya. Swali jingine, na usikasirike. Nyimbo zenyewe si zipo? Mamangu mjukuu wake anampigia YouTube, wimbo wowote, hata ile aliyochezea harusini kwake. Kilichopotea ni kipi?

JUMAA: Ngoja nikupeleke Uingereza kidogo, dakika moja. Mwaka 2019 kampuni ya Bauer ilinunua stesheni ndogo nyingi za miji, na tarehe 1 Septemba 2020 nyingi kati ya hizo zikafutwa majina zikaitwa kitu kimoja, Greatest Hits Radio. Na zinapiga nini? Nyimbo za zamani! Kwa hiyo wimbo ulibaki. Ila mtu wa mji mmoja na mtu wa mji wa pili, mchana kutwa wanasikiliza mtangazaji mmoja, na yule mtangazaji hajui nani kafiwa.

RUKIA: Mhm.

JUMAA: Mimi pale Jumamosi nilitangaza mbuzi wa watu. Nilitangaza kwamba feri imeharibika kabla ya mtu hajafika kivukoni. Wimbo ulikuwa wa kupumzikia baina ya habari na habari.

RUKIA: Na zile kaseti?

JUMAA: Kaseti ziliingia gunia tatu. Pikapu ikaja. Nilisimama naziangalia, nyingine nilizirudisha nyuma kwa penseli kwa mkono wangu huu. Nikakumbuka kwetu. Redio Tanzania Dar es Salaam bendi zilikuwa zinaingia studio ya redio yenyewe kurekodi, maana santuri zilikuwa zikichapishwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977 hata hiyo njia ikawa ngumu kwa miaka. Zile tepu za Redio Tanzania zipo, zimebaki kwenye maktaba ya serikali. Vumbi linazila, joto linazila, lakini hakuna aliyekuja kuziuza pamoja na mnara. Stesheni ya mtu binafsi haina maktaba. Ina kabati.

RUKIA: Na kabati lina mwenyewe.

JUMAA: Lina mwenyewe.

RUKIA: Sasa fungua mkebe, kaka. Dakika zaenda.

JUMAA: Huu ulikuwa chini ya meza ya salamu. Askari aliniruhusu kuchukua "vitu vya jikoni". Akaona Kimbo, akanipisha.

RUKIA: Lo! Ni kadi za salamu! Wasikilizaji, vijana, hizi zilikuwa zinauzwa dukani. Unajaza jina lako, mahali ulipo, wimbo unaoutaka, halafu majina ya unaowasalimu, na lazima umalizie "na wote wanaonifahamu". Chini kabisa kuna mstari wa ujumbe.

JUMAA: Mpaka juzi juzi walikuwa wanaleta kwa mkono. Simu wanazo, lakini kadi haikatiki na haiishiwi pesa. Watu walikuwa na majina yao ya redioni. Mama mmoja alijiita Kasuku wa Kisauni, miaka tisa nimemsoma hewani, sura yake siijui. Nimempita sokoni pengine mara mia.

RUKIA: Ziko ngapi humu ambazo hukuzisoma?

JUMAA: Arubaini na moja. Zilikuwa za Jumamosi ile.

RUKIA: Tusome hapa.

JUMAA: Na wimbo? Kila kadi ina wimbo, na sisi kuupiga hapa leseni hatuna. Tutafungwa kabla ya Kasuku hajasikia.

RUKIA: Wimbo watajipigia vichwani. Soma. Na usome kwa sauti ile ya Jumamosi, si hii ya kugombana na mimi.

JUMAA: Haya, ngoja nivae miwani. Wino umefifia hapa. "Mimi ni Baharia Mstaafu, nipo nyumbani kwangu Mtongwe, nimekaa kibarazani. Salamu zangu zimfikie mke wangu mpenzi Mama Fatuma, yupo jikoni ananisikia. Zimfikie pia Kasuku wa Kisauni popote alipo..."

RUKIA: Kasuku tena!

JUMAA: Usinikatize, niko hewani. "...zimfikie shemeji yangu Mwinyi wa gereji, fundi cherehani wa njia panda, na wote wanaonifahamu. Ujumbe..."

RUKIA: Enhe, ujumbe.

JUMAA: "Ujumbe: Salim, ile ngazi yangu uirudishe. Mvua imekaribia na paa lavuja."

RUKIA: Ya Rabi. Na imeandikwa lini?

JUMAA: Tarehe ni ya Alhamisi. Siku mbili kabla.

RUKIA: Na mvua imeshanyesha wiki mbili. Salim, kama watusikia...

JUMAA: Ngazi, Salim. Haya, ya pili. Hii imeandikwa kwa penseli, nisogezee taa.