Picha ya juu ya tovuti ianzie kwenye kiganja cha mgeni

Mbukwenyi, ndugu zangu. Asanteni kwa kufika na jua hili.

Naomba kila mwenye simu aitoe, aishike wima kama anavyoishika ndani ya daladala. Kwa simu nyingi zilizomo humu, kivinjari kinahesabu upana wa kioo kuwa pikseli 360, nyingine 390, nyingine 412. Sasa tazameni laptopu yangu hapa mezani: 1366 kwa 768. Projekta inayomulika ukutani ni 1920. Tovuti moja, picha moja ya juu, na tunataka ikae vizuri kote huko.

Shida yetu wabunifu wengi tumeanzia kwenye mabango. Ukienda kuchapisha bango la harusi unaulizwa mita ngapi kwa ngapi, linachapwa, linatundikwa, kazi imekwisha. Tovuti haina mita. Kila mgeni anakuja na ukuta wake.

Niwape kazi niliyoifanya mwenyewe kwa kikundi cha wakulima wa zabibu. Nilipiga picha nzuri sana: mama ameinama anakata kichala, nyuma yake mistari ya mizabibu inakwenda mpaka mlimani, na pembeni kushoto mbuyu mmoja mkubwa. Nikaikata pikseli 1920 kwa 480, nikaandika jina la kikundi juu yake kwa herufi nyeupe zenye kimo cha pikseli 48. Kwenye kompyuta ya ofisini ilipendeza. Siku ya pili mwenyekiti akaifungua shambani kwa simu yake, akanipigia: "Kijana wangu, mbona jina letu silioni?"

Jina lilikuwepo. Tupige hesabu pamoja. Gawanya 360 kwa 1920, unapata 0.1875. Kimo cha picha, 480, kikizidishwa kwa hiyo kinabaki 90. Herufi za 48 zinabaki 9. Mzee yule alikuwa anatazama mkanda mwembamba wa kijani wenye vumbi jeupe katikati. Mama na kichala chake hata mimi sikuwaona. Niliumia, kwa sababu watu wale walikuwa wanataka wanunuzi wawaone, na wanunuzi wao wako kwenye simu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuyatoa maandishi ndani ya picha. Jina likawa maandishi ya kweli ya ukurasa, yamewekwa juu ya picha kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Maandishi ya kweli hayapungui pamoja na picha. Unayapangia ukubwa wake kwa kila kioo. Tena asiyeona anasomewa na simu yake, na mashine za kutafuta zinayakuta. Hili tu, hata usipofanya lingine lolote leo, litaokoa tovuti nyingi.

La pili ndilo lililonichukua muda kulielewa. Picha ya simu si picha ya kompyuta iliyopunguzwa, ni picha nyingine. Fikirieni ile michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ukipiga mwamba mzima kwa upana, kwenye simu utaona jiwe tu. Sogea, chukua umbo moja la mtu mwekundu mrefu, lijaze kioo. Mgeni ataelewa yuko wapi. Nami nikarudi kwenye picha yangu nikakata ya simu: mama, mkono na kichala, karibu mraba kamili. Mizabibu na mbuyu nikaviacha kwa wenye vioo vipana.

Kuzibadilisha si kazi ngumu. HTML, lugha inayojenga ukurasa, ina tagi, yaani alama ya maelekezo, iitwayo picture. Ndani yake unaeleza: kioo kikianzia pikseli 700 leta faili hii pana, kikiwa chini ya hapo leta ile ya simu. Msitegemee object-fit: cover peke yake, ile amri ya CSS ya kujaza picha kwenye nafasi yake. Kwa kawaida inakata pembeni na kubakiza katikati, na mbuyu wangu wa kushoto ungekatwa shina. Mkilazimika kuitumia, iambieni kwa object-position sehemu gani isiguswe.

Sasa uzito, maana hapa tunagusa bando za watu. Faili yangu ya kwanza ilikuwa megabaiti 2.4. Mkulima analipia hiyo kabla hajasoma neno moja. Vioo vya siku hizi vimeshona nukta mbili au tatu za kweli kwenye upana wa kila pikseli inayohesabiwa, kwa hiyo kwa kioo cha 360 mimi nakata picha yenye upana wa 720, na macho hayalalamiki. Nikaihifadhi kwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, ikashuka hadi kilobaiti 70 hivi. Google wanapendekeza kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5, na mara nyingi kitu hicho ni hii picha yetu. Kwa hiyo msiiwekee ile amri ya kuchelewesha kupakia. Hiyo ni ya picha za chini. Na andikeni upana na kimo chake kwenye tagi, la sivyo maandishi yataruka mtu akiwa anasoma.

Dada aliyekaa karibu na dirisha ameuliza: na simu ya zamani isiyoijua picture? Swali zuri. Ndani ya picture lazima kuwe na img, ile tagi ya kawaida ya picha. Kivinjari kisichoielewa picture kinapita, kinakuta img, kinaonyesha hiyo. Ndiyo maana pale kwenye img mimi naweka picha ya simu, nakala ya JPEG ambayo hata vivinjari vya zamani vinaifungua, siweki ile pana. Mwenye simu duni kabisa anampata mama na kichala chake, kwa kilobaiti chache.

Nimeiweka hapa kwenye mtandao wa ukumbi. Ifungueni simu zikiwa wima. Mmemwona mama? Haya, zilazeni taratibu, mwangalie mizabibu ikitokea nyuma yake, na mbuyu.