Nimeachishwa kazi Kampala, na kibali changu kina jina la shule

Habari zenu nyumbani. Wakubwa zangu, shikamooni. Watu wangu wa Bukoba, Karagwe, Mwanza, na ninyi walimu mnaoniandikia kila wiki "mwalimu, nitafutie nafasi Uganda", video ya leo ni yenu hasa. Mnaona nyuma yangu ukuta mtupu. Yale mapazia ya bluu mliyokuwa mkiyasifia nimeshayakunja. Nimeachishwa kazi. Leo ni siku ya ishirini na sita.

Nilinyamaza kwa sababu sikujua nianzie wapi. Hata mama yangu nilimficha siku kumi na tisa. Kila akipiga simu namwambia shule imefungwa, napumzika. Shule kweli ilikuwa imefungwa. Ila kupumzika sikupumzika.

Barua nilipewa wiki ya mwisho ya muhula wa tatu, tukiwa bado tunajaza ripoti za watoto. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Wanafunzi wamepungua, madarasa yanaunganishwa, mwakani Kiswahili kitabaki na mwalimu mmoja anayefundisha na dini. Tuliopunguzwa tulikuwa watatu: mimi, Mkenya wa hesabu, na Mkongomani wa Kifaransa. Wote wageni. Yule mwalimu aliyebaki simnung'unikii hata kidogo, ni rafiki yangu, na ndiye aliyenibebea vitabu mpaka getini.

Wale mlioanza kunifuata karibuni, niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mimi wakati ule nilikuwa Bukoba, nina shahada, sina ajira, nafundisha watoto wa jirani jioni. Nikasema hapa pana nafasi. Februari 2023 nikaanza kazi Kampala. Siku ya kwanza darasani mtoto mmoja wa darasa la nne aliniuliza kama mimi ni mwanajeshi, kwa sababu babu yake alimwambia Kiswahili ni lugha ya askari wa vizuizini. Babu yule hakusema uongo, watu wa rika lake hapa wana kumbukumbu zao. Mwaka jana mtoto huyohuyo alisimama mbele ya wazazi akaghani shairi la beti tano, vina vyote mahali pake, na babu alikuwepo. Hiyo ndiyo kazi iliyokwisha. Nataka mjue ilikuwa kazi ya namna gani kabla sijaanza kusema habari za makaratasi.

Haya, makaratasi. Watu wa nyumbani mnaniambia, "Si tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki? Kaa hapohapo, tafuta shule nyingine." Ni kweli tuko Jumuiya moja. Itifaki ya Soko la Pamoja, yale makubaliano ya kufunguliana mipaka kwa watu na biashara, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ukifika mpakani Mutukula na pasipoti yako unagongewa muhuri, hulipi, na unaweza kukaa mpaka miezi 6. Lakini muhuri ule ni wa mgeni wa kutembea. Kukaa wanakuruhusu. Kufanya kazi ni mlango mwingine, na mlango huo una kibali.

Kibali changu ni cha daraja G, daraja la waajiriwa. Kimeandikwa kiisha Februari 2027. Ndugu zangu, tarehe ile ilinidanganya. Usiku wa kwanza baada ya barua niliifungua pasipoti nikajipa moyo kwamba nina zaidi ya mwaka mzima mbele yangu. Asubuhi nikasoma vizuri. Kibali kina jina la shule. Sikupewa ruhusa ya kufanya kazi Uganda, nilipewa ruhusa ya kufanya kazi katika shule ile. Shule ikishaniacha, ile tarehe inabaki wino tu.

Na jaribu lilikuja haraka. Mwalimu mwenzangu aliniunganisha na shule moja upande wa Mukono. Mwenye shule akanipenda, mshahara ukapanda kidogo kuliko wa kwanza, akaniambia, "Muhula ukifunguliwa unaanza, makaratasi tutayashughulikia mbele ya safari." Nilitoka pale nikasimama stendi ya Kireka zaidi ya saa nzima, taksi (zile tunazoita daladala nyumbani) zinajaa na kuondoka, mimi nimesimama tu. Kodi ilikuwa inakaribia. Nilitaka sana kumwambia ndiyo.

Kesho yake nikabeba barua na pasipoti, nikaenda uhamiaji mwenyewe. Niliogopa, siwafichi. Wengi wetu tukipoteza kazi tunaanza kuzunguka mbali na ofisi ile kama vile tumeiba. Nikauliza waziwazi. Nikajibiwa kwamba kibali hakihamishwi, mwajiri mpya anatakiwa kuomba upya kwa jina lake, na nisiguse chaki kabla hakijatoka. Basi. Nusu saa haikufika. Nilirudi nimechoka, lakini usiku ule nililala.

Nilimpigia mwenye shule wa Mukono nikamweleza. Akasema ataomba, ila anangoja ofisi zake zifunguliwe mwakani. Sijui ataomba kweli au la. Nitamngojea nikiwa nyumbani, sitamngojea darasani kwake.

Kuhusu haki zako, hili nalisema polepole kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua. Barua yangu ilinipa notisi ya wiki mbili. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema aliyefanya kazi mwaka mmoja mpaka mitano apewe notisi ya mwezi mmoja, na sheria ile haibagui mgeni. Nilimwandikia mkuu wa shule barua ya ukurasa mmoja, kwa adabu, nikaitaja. Wakanilipa mwezi. Ukiona umeachishwa isivyo haki, kuna afisa kazi wa wilaya, na malalamiko yanapelekwa ndani ya miezi 3, usikae ukilia mwaka mzima. Na omba cheti cha utumishi kabla hujakabidhi funguo. Mkenya mwenzangu alisahau, sasa anakifuatilia kwa simu kutoka Kisumu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya niwashe kamera.

Kwa miaka yote mitatu nimekatwa NSSF ya hapa, mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Asilimia 5 kwenye mshahara wangu, na mwajiri akaongeza asilimia 10. Nimeangalia salio langu. Kwa mtu asiye na kazi ni fedha nyingi, zingelipa deni langu la SACCO Bukoba na kumwezekea mama bati la jikoni. Na mgeni anaweza kuzichukua, kuna malipo maalumu kwa mwanachama anayehama nchi. Ila sharti lake ni kwamba unaondoka moja kwa moja. Unathibitisha kwamba Uganda umemaliza.

Fomu nimeijaza nusu. Jina, namba ya uanachama, pasipoti. Nilipofika kwenye sababu ya kuondoka nikaweka kalamu chini. Kwa siku nne imekaa juu ya lile sanduku mnaloliona pale. Watu wanadhani ukipoteza kazi ugenini swali ni fedha. Fedha ni swali, sikatai. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba siku moja nitatakiwa kuandika kwa mkono wangu kwamba sirudi tena mahali ambapo sikuamua kuondoka.

Jumatano nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba natoka. Akashika kifua akasema, "Kitalo, mwalimu." Kwa Kiganda hilo ni neno la msibani. Akaingia ndani kwake akanirudishia kodi ya nusu mwezi bila kuombwa. Mungu ambariki.

Na mama yangu nilimwambia siku ileile. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Chumba umelipia mpaka lini?" Nikamwambia. Akasema, "Basi njoo kabla ya hapo. Senene zimekwisha, lakini nilikuwekea kopo moja." Alikuwa ameliweka tangu Novemba. Hajui lolote, ameniwekea tu.

Fomu nimeamua kuiacha wazi. Fedha zile ziko kwa jina langu, zitanisubiri. Nikiletewa kibali kipya nitarudi kwa kibali. Kisipokuja mpaka katikati ya mwaka, nitaimalizia sentensi ile nikiwa Bukoba, nimeshatulia. Leo siiandiki.

Walimu mnaoniomba nafasi, siwakatazi kuja, watoto wa hapa wanakitaka Kiswahili. Ila mtu akikuambia njoo uanze, muulize kibali kitaombwa lini na kwa jina la nani, na akujibu kabla hujakata tiketi.

Ijumaa asubuhi napanda basi la kupitia Masaka. Nina masanduku matatu na ndoo mbili za vitabu. Ndugu zangu wa Mutukula, mkiniona mpakani, njooni mnisaidie kubeba.