Mpini wa Barong Haukuchongwa kwa Ajili ya Kabati la Kioo

Mabibi na mabwana, jambo hili, kwamba mpini wa silaha ulichongwa kwanza kwa ajili ya mkono, nimekwisha kulisema katika kumbi nyingine, na leo nalirudia kwa sababu bado tunaoneshwa silaha za Watausug wa visiwa vya Sulu, kusini mwa Ufilipino, kana kwamba kazi yote ni ya mhunzi na mpini ni pambo tu.

Utazameni mpini wa barong, silaha fupi, pana, yenye umbo la jani na makali upande mmoja. Mahali pa kushikia pamevikwa bomba la fedha, ambalo mara nyingi huzungushiwa uzi uliosukwa ili kiganja chenye jasho kisiteleze. Mwishoni kimekaa kichwa cha kakatua, kasuku mwenye kishungi, mdomo ukitokeza upande mmoja na kishungi upande wa pili. Barong ni silaha ya kufyeka, na kila pigo huivuta itoke mkononi. Mbetuko wa kichwa hicho ndio unaokizuia kidole cha mwisho, na mkono ukabaki mahali pake. Ndiyo maana wachongaji walipenda fundo la mti wa banati, ambalo nyuzi zake zimesokotana, kwa kuwa mti wa nyuzi zilizonyooka hupasuka upesi msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, unapotikisika ndani yake.

Mtaniuliza: vipi kuhusu junggayan, mipini mikubwa ya mwishoni mwa karne ya 19, mingine ya pembe za ndovu, yenye vishungi virefu kupita kiasi? Hiyo ilikuwa ya madatu, yaani machifu, na watu wa cheo, na ilikusudiwa kuonekana kutoka mbali. Hata hivyo, chini ya kishungi hicho bado mtaikuta fedha ileile ya kushikia. Wala msiniambie kwamba Uislamu, dini ya Watausug, uliwafunga mikono wachongaji wasichonge viumbe. Nakshi za ukkil, mtindo wao wa kuchonga wenye mimea itambaayo na majani yanayojikunja, zilimgeuza ndege kuwa mistari bila kumpoteza.

Kampilan naitaja kwa ufupi tu: mwisho wa mpini wake, uliopasuka kama kinywa kilicho wazi, husaidia kusawazisha upanga mrefu unaopanuka kuelekea mbele. Mipini ya Panay, kisiwa cha katikati mwa Ufilipino, yenye nyuso zilizochongwa, inahitaji siku yake.

Silaha nyingi kati ya hizi zilichukuliwa na askari wa Marekani baada ya 1899, na kadi nyingi za makumbusho nilizozisoma hupima chuma kwa uangalifu, kisha huandika mpini kwa neno moja, «mbao». Ninachodai ni kwamba kadi itaje ni mti gani, msuka umegandishwa kwa utomvu au kwa kitu kingine, na ni wapi mkono umelilainisha umbo kwa kulishika.