Mabirika ya Waingereza, maharage ya Dar

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie rika langu, mambo vipi? Ni mimi tena kutoka Leicester, Uingereza, na mvua ya huku haina habari na mtu. Leo tunaingia jikoni, ila sipiki: nataka tuone inavyohesabiwa nani anapika nini na kwa moto gani.

Tuanze na mpira. Mwaka 1990, Kombe la Dunia kule Italia, Uingereza wanatolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti, nusu fainali. Mechi inaisha, watu wananyanyuka kwenye makochi, kila nyumba inawasha birika la umeme, chai ya kujiliwaza. Matumizi ya umeme yakaruka ghafla kwa megawati 2,800. Sasa pigeni hesabu: bwawa letu la Mwalimu Nyerere pale Rufiji, mashine zote tisa zikizunguka, ni megawati 2,115. Yaani chai ya msiba wa mpira ingelimeza bwawa zima na bado wangebaki na kiu!

Wenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, waliliona hilo kwa sababu matumizi yalipanda mbele ya macho yao. Lakini gridi inakuonyesha nchi, haikuonyeshi nyumba. Ndani ya nyumba nani kawasha nini, kwa muda gani, anapikia watu wangapi, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Si mbali na hapa ninapoishi kuna Chuo Kikuu cha Loughborough. Kinaongoza mradi unaoitwa MECS, kwa fedha za serikali ya Uingereza, unaofuatilia mapishi ya umeme na nishati nyingine za kisasa. Na majiko wanayoyachungulia si ya Waingereza, ni yenu! Dar, Nairobi, Lusaka. Dar kazi imefanywa na TaTEDO, lile shirika la nishati endelevu.

Njia yao mojawapo naipenda sana: shajara ya mapishi. Familia zinapewa karatasi za kujaza. Kila ukiinjika, unaandika: unapika nini, cha watu wangapi, umeanza saa ngapi, umeepua saa ngapi. Mkaa unawekwa kwenye mzani kabla na baada. Mtungi wa gesi vilevile. Umeme unasomwa kwenye kimita kidogo kinachokaa kati ya plagi na jiko. Wiki mbili za mwanzo unapika kama ulivyozoea, halafu unaletewa majiko ya umeme na unaendelea kuandika.

Mnaona uzuri wake? Tafiti nyingi zinabisha hodi na kumuuliza mkuu wa kaya. Baba atakwambia LUKU kanunua ya shilingi ngapi. Maharage yamekaa jikoni saa ngapi, mwulize dada wa kazi! Shajara inamfuata anayeshika mwiko.

Na kilichoonekana kimenifurahisha. Sisi tumekua tukiambiwa umeme ni wa kuchemshia chai, maharage na makande ni ya mkaa. Kumbe kwenye presha kuka ya umeme, vyakula hivyo vya kuchemka muda mrefu ndivyo vinavyookoa zaidi. Chungu kimefungwa, joto halitoroki, na maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja. Chapati, hapo haikusaidii kitu. Chapati ni chapati.

Sasa niseme linaloniudhi. Sensa na tafiti kubwa huuliza chanzo kikuu cha nishati ya kupikia. Kikuu, kimoja. Nani kwetu ana kimoja? Asubuhi gesi kwa chai na mayai, mchana mkaa kwa ugali na maharage, wali unapaliwa makaa juu, mtungi ukiisha tarehe 20 mnarudi kwenye mkaa mpaka mshahara. Ukijibu "gesi", umehesabiwa umehama mkaa. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, lengo zuri, naliunga mkono. Ila tukihesabu mitungi iliyogawiwa badala ya milo iliyopikwa, tutafika 80 kwenye karatasi huku magunia ya mkaa yakiendelea kushuka Kibaha.

Na kuna la bei. Wale mlio kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile inayoishia uniti 75 kwa mwezi, mkianza kupikia umeme kila siku mnaweza kuvuka. Ukivuka, uniti inapanda bei. Kwa hiyo mama anayeacha mkaa anaweza kupoteza unafuu kwa sababu ameacha mkaa. Hilo nalo halitoki kwenye swali la chanzo kikuu.

Basi nawapa kazi. Wiki moja tu, bandikeni karatasi ukutani jikoni. Kila mlo: chakula gani, watu wangapi, moto gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Uniti za LUKU zisomeni asubuhi kabla hamjawasha kitu. Mkaa msiniandikie "kopo mbili", kopo la Mbagala si kopo la Kimara. Nendeni kwa muuza mchele, mwombeni mzani, mniandikie kilo. Na karatasi ajaze anayepika, siyo anayekula.